Moteri ikizima juu ya pori: piloti anafanya nini, na wewe?

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Kasongo, Kabambare, Salamabila ao Namoya, unazijua safari zetu. Wakati wa mvua lori inalala ndani ya matope siku na siku, na kwa barabara hakuna anayeweza kukuambia utafika Bukavu tarehe gani. Basi mwenye haraka anatafuta ndege: mgonjwa anayetumwa kwa munganga mkubwa, mwanafunzi anayerudi masomoni, mama anayepeleka watoto kwa wakwe, mfanyabiashara na mzigo wake. Kutoka Namoya mpaka Bukavu, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 220 hivi. Ndege ndogo inaumaliza mwendo huo kwa karibu saa moja.

Lakini kila aliyewahi kukaa ndani ya ndege ndogo, akatazama chini na kuona miti tu, miti tu, amejiuliza moyoni: "Na moteri ikizima hapa, tutakuwa namna gani?"

Wengi wanajijibu wenyewe: tumekwisha. Jibu hilo si kweli. Ndege zimezimikiwa moteri na watu wakatoka wakitembea kwa miguu yao. Lakini pia si jambo la mchezo. Mwezi wa Januari 2012 ndege ya mizigo aina ya Antonov 28, iliyotoka Bukavu kuja Namoya, haikufika. Ilianguka porini na watu wakafa. Hapa hatutafuti sababu za ajali ile. Tunataka kuelewa jambo moja tu: moteri ikizima, ni kitu gani kinachoamua kama watu watapona ao watakufa? Utaona kwamba sehemu kubwa ya jibu inapatikana chini, kabla ndege haijaruka, na kwamba kipande cha kazi hiyo njo chako wewe, si cha piloti.

NDEGE HAIANGUKI KAMA JIWE

Fikiri kuhusu kinga yako inapoteremka mlima. Unaacha kupiga pedali, lakini kinga inaendelea kwenda, juu ya mteremko. Ndege ni vilevile. Moteri ndiyo pedali. Urefu ilio nao hewani ndio mlima wake. Moteri ikizima, piloti anaanza "kutelemka mlima" ule, na mabawa yanaendelea kuibeba ndege kwa muda wote ambao hewa inapita juu yake kwa mwendo wa kutosha.

Tuchukue Cessna Caravan, ndege ya moteri moja ambayo watu wa Kongo ya mashariki wanaifahamu sana. Ikizimika ikiwa mita 3,000 juu ya ardhi, na upepo ukiwa umetulia, inaweza kuteleza kilomita 30 hivi mbele, na kukaa hewani kwa kama dakika 10. Dakika 10 ni nyingi kwa mtu aliyejitayarisha. Zinatosha kuchagua mahali, kuita msaada, na kuwapanga abiria. Njo maana piloti mwenye akili anapenda kwenda juu: urefu ni akiba, kama unga ndani ya kapo.

Lakini kuna sharti. Mwendo usipungue. Caravan iliyojaa inahitaji kilomita 175 hivi kwa saa ili iteleze vizuri. Piloti akiogopa miti na kuvuta pua ya ndege juu ili abaki juu, mwendo unakufa, mabawa yanaacha kuibeba, na ile saa ndege inaanguka kweli. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kushusha pua. Wewe uliye nyuma utasikia tumbo likipanda na kuona ardhi mbele ya kioo, na utadhani mnakufa. Kumbe hapo njo mnaokolewa.

KAZI YA PILOTI, MOJA KWA MOJA

Mapiloti wa dunia nzima wanafundishwa mpango mmoja: kwanza rusha ndege, pili tafuta pa kwenda, tatu ndipo useme kwa redio. Watu wengi wanashangaa kwamba redio iko ya mwisho. Lakini mtu wa redio, hata akiwa Bukavu ao Kindu, hawezi kushika usukani wako. Kwanza mabawa.

Akishaweka mwendo sawa, piloti wa ndege ya moteri moja anageuza panga za elisi, ile inayozunguka mbele, zilale ukali mbele kama kisu kinachokata hewa. Elisi ikibaki kifua wazi inavuta ndege nyuma, na zile kilomita 30 zinapungua.

Kisha anatazama chini. Anatafuta nini? Kwanza pisti, ikiwa iko karibu. Kama hakuna, anatafuta savana, na upande wa Kasongo kuna savana. Anatazama moshi wa mashamba yanayochomwa, juu ya kujua upepo unatoka wapi, kwa sababu atataka kutua akiukabili. Barabara inaonekana nzuri kutoka juu, lakini ina watu, kinga, mashimo, na miti pembeni. Kukiwa na msitu peke yake, anachagua mahali miti iliko myororo ao mifupi, na anafika juu ya majani kwa mwendo mdogo kabisa ambao ndege bado inatii, mabawa yakiwa sawa. Anachokimbia ni kupiga shina moja kubwa uso kwa uso.

Akiwa na urefu wa kutosha anajaribu kuwasha tena: anatazama kama kerozini inafika, anafungua matangi yote, anawasha pampu. Wakati mwingine moteri inarudi. Isiporudi, hapotezi dakika zake zote kwa kuibembeleza.

Ndipo anaita kwa redio neno "Mayday" mara 3, anasema yuko wapi, watu ni wangapi, na anakwenda kutua wapi. Anawaambia abiria wafunge mikaba na kuinama. Mwishoni, karibu na ardhi, anafunga njia ya kerozini na kuzima umeme ili moto usipate chakula, na milango inafunguliwa kidogo mapema isije ikakwama ndege ikipindana.

SAA ILIYO MBAYA KULIKO ZOTE

Hayo yote ni mambo ya mtu mwenye urefu. Saa mbaya ni ile ya kupaa: ndege imejaa, iko chini, mwendo bado mdogo. Hapo dakika 10 hazipo, kuna sekunde.

Kwa ndege ya moteri moja, sheria ni ngumu lakini inaokoa: shusha pua, tua mbele yako, ukipinda kidogo tu kulia ao kushoto kukwepa kizuizi. Usigeuke kurudi pistini. Kugeuka kunakula urefu na mwendo, na mapiloti wengi wamekufa juu ya kutamani pisti waliyoiacha nyuma.

"Lakini ile yetu iko na moteri mbili!" utasema. Let 410, Antonov 28 na Dornier 228 zina moteri mbili kweli. Moja ikizima, nyingine inaweza kukufikisha, ikiwa mambo mawili yametimia. La kwanza, piloti ashike ndege isipinde, kwa sababu moteri iliyo hai inaisukuma upande wa ile iliyokufa. Mwendo ukipungua sana, miguu yake juu ya pedali haitatosha kuizuia isijigeuze. La pili, ndege isiwe na uzito kupita kiasi.

Umewaona watu wawili wanaosukuma kinga ya mizigo mlimani? Mmoja akiachilia, yule mwenzake hapandi kwa nusu ya mwendo. Hapandi kabisa! Nguvu zake zote zinakwisha katika kuizuia kinga isirudi nyuma. Ndege ya moteri mbili ni hivyo hivyo. Kupoteza moteri moja kunaondoa nusu ya nguvu, lakini kunaondoa zaidi ya nusu ya uwezo wa kupanda. Ukiongeza magunia matatu, uwezo uliobaki nao unakwisha.

Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee ilipaa Goma kwenda Beni ikiwa na watu 19. Ilipata shida ya moteri mara tu baada ya kuacha pisti, ikaanguka juu ya nyumba za kartiye ya Mapendo. Wote waliokuwa ndani walikufa, pamoja na watu waliokuwa nyumbani kwao. Mtu aliyekuwa anapika asubuhi ile hakuwa amenunua tikiti ya ndege. Kumbuka neno hili tutakapofika kwa habari ya wale wanaojenga mwisho wa pisti.

UZITO NJO UNAOAMUA

Sisi wa machimbo tuna hatari yetu ya pekee: mizigo yetu inadanganya macho. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Kafuko unachokiona kadogo, kanakaa vizuri chini ya kiti, kanaweza kuwa na kilo 40. Mwenye kufunga mizigo akipima kwa macho, ameshakosea.

Unasikia kila siku pembeni ya ndege:

"Papa piloti, ongeza tu haka kafuko, kako kadogo."

"Mama, kafuko kako kadogo kweli, lakini balansi haidanganyi. Iko kilo 42."

"Sasa piloti mwenzako wa siku ile alikubali!"

Fanya hesabu. Abiria 9 wakificha kilo 10 kila mmoja, ni kilo 90. Hiyo ni kumpandisha mtu mzima mnene asiyeandikwa mahali popote. Piloti alipanga mwendo wake, urefu wa pisti na kerozini yake kwa watu 9, naye anapaa na 10. Moteri ikiwaka vizuri huenda hakuna atakayejua. Ikizima, yule mtu wa kumi asiyeonekana ndiye atakayewavuta wote chini. Na jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, na moteri inapungua nguvu. Vivyo hivyo mahali palipo juu kama Kavumu, uwanja wa Bukavu, ulio karibu mita 1,700 juu ya bahari.

Wakongo tumelipa deni hili kwa damu. Tarehe 8 Januari 1996 huko Kinshasa, Antonov 32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo. Ilipita mwisho wa pisti ikaingia ndani ya soko lililojaa watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa sokoni, si ndegeni.

Tena, uzito si kilo tu. Ni mahali zilipo. Ndege ni kama mizani: ukiweka mzigo mwingi mkiani, pua inapanda, na tulishaona pua ikipanda mwendo unakufa. Tarehe 25 Agosti 2010 Let 410 ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu ikiwa na watu 21, akapona mmoja tu. Kufuatana na masimulizi ya yule aliyepona, mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, na abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja. Moteri za ndege hazikuwa na lawama katika habari hiyo. Watu walihama, na mizani ikahama nao. Basi hata moteri ikizima, hata ukisikia harufu ya moshi, baki kwenye kiti chako mpaka ndege isimame.

VITU VITATU VISIVYOPANDA NDEGE

Cha kwanza ni zebaki. Wachimba dhahabu wengi wanaibeba ndani ya chupa kama dawa ya kikohozi. Ndege imejengwa kwa alumini, na zebaki inaila alumini polepole, kama mchwa ndani ya nguzo. Chupa ikipasuka leo, ubavu wa ndege unaweza kuvunjika siku nyingine, na watu wengine ndani. Ukijua mwenzako ameificha, kumnyamazia si urafiki.

Cha pili ni esansi, hata ile iliyobaki ndani ya tangi la mashine ya umeme ao pampu. Mvuke wake unajaa ndani ya ndege na kungoja cheche moja.

Cha tatu ni baruti na vitu vyote vya kulipulia mawe. Hapa hakuna haja ya maelezo.

KEROZINI NA MAJI

Ndege za moteri kama Caravan na Let zinakunywa kerozini. Viwanja vingi vya mbali havina pampu. Kerozini inakuja kwa fute za lita 200, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 160 hivi bila kuhesabu chuma chenyewe. Fute iliyosimama nje katika mvua inaingiza maji kupitia kifuniko. Maji ni mazito kuliko kerozini, kwa hiyo yanalala chini, na moteri ikiyanywa inaweza kuzima.

Ndiyo sababu utamwona piloti asubuhi akipita chini ya mabawa na kachupa, anatoa kerozini kidogo, anaitazama juani. Anatafuta maji na uchafu chini ya kachupa. Usimcheke, wala usimharakishe. Na kijana uliyepewa kazi ya kulinda fute: zilaze upande, vifuniko vyote viwili vikiwa sawa kulia na kushoto, zisisimame maji yakakaa juu yake. Na usithubutu kuchota lita mbili na kurudisha maji. Kuna waliosema ni ujanja wa maisha. Huko ni kuua watu wasiokujua.

WEWE ULIYE NDANI

Tazama mfano mmoja mzuri. Tarehe 11 Desemba 2013, kule visiwa vya Hawaii, Caravan kama hizi zetu ilizimikiwa moteri muda mfupi baada ya kupaa kutoka kisiwa cha Molokai. Chini palikuwa bahari. Piloti alishika mwendo wake, akatua juu ya maji, na watu wote 9 wakatoka ndani ya ndege wakiwa hai, wakangoja msaada majini. Mmoja alifariki pale majini kabla ya kuokolewa. 8 walirudi kwao.

Sasa tazama mfano wa huzuni. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing ya Ethiopian Airlines ilitekwa na watu waliokataa kumsikiliza rubani wake, Leul Abate, alipowaambia kerozini haitoshi. Moteri zote mbili zilizima, na ndege ikatua baharini karibu na kisiwa cha Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125. Abiria wengi waliokuwa wamepona pigo lenyewe walizama, kwa sababu walijaza hewa majaketi ya kuogelea wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawainua mpaka darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Waliambiwa wasijaze. Woga ulikuwa na sauti kubwa kuliko rubani.

Kwa hiyo, ndugu, shika mambo haya, na uwafundishe watoto:

1. Piloti akieleza milango kabla ya kupaa, sikiliza hata kama umepanda mara 20. Hesabu kwa vidole viti vilivyo kati yako na mlango. Katika moshi huoni, utapapasa.

2. Mkaba ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo, na ukaze. Kukiwa na mkaba wa bega, vaa nao.

3. Mama mwenye mtoto mchanga, mfungue mgongoni, mshike kifuani. Mkaba ni wako peke yako. Ukimfunga mtoto pamoja nawe ndani ya mkaba mmoja, mwili wako utamponda ndege ikigonga.

4. Ukiambiwa mnatua kwa hatari: ondoa miwani, kalamu na funguo. Inama, kichwa kwenye kiti cha mbele ao magotini, mikono ikilinda kichwa, miguu ikanyage sakafu. Usiinuke kwa kishindo cha kwanza. Mara nyingi kuko cha pili.

5. Kuomba ni vizuri. Omba ukiwa umefunga mkaba na umenyamaza, ili sauti ya piloti isikike. Kupiga kelele na kumshika piloti bega ni kuongeza mzigo juu ya mtu aliyebeba wote.

6. Ndege ikisimama, fungua mkaba, toka, pita upande wa mkia, mbali na elisi, uende kule upepo unakotoka, mita 100 hivi. Mfuko uache. Dhahabu iache. Mtu anayevuta mfuko mlangoni amewafungia wenzake mlango.

7. Mkishatulia, bakini karibu na ndege, isipokuwa moto umewaka. Ndege nyingi zina chombo kidogo kinachoita msaada chenyewe kupitia satelaiti, na kutoka juu ndege inaonekana upesi kuliko watu wanaotembea chini ya miti.

SISI TULIOBAKI CHINI

Huenda wewe hujapanda ndege hata siku moja. Kazi yako iko vilevile.

Pisti ya kijiji si njia ya kinga, si malisho ya mbuzi, si uwanja wa mpira. Piloti aliyezimikiwa moteri hawezi kuzunguka mara ya pili ili mbuzi watoke. Anatua mara moja tu. Vijana wa parokia wakikata majani, wakijaza mashimo na kubomoa vichuguu vya mchwa, wanafanya kazi ya kuokoa watu sawa na munganga. Na mwisho wa pisti ubaki wazi. Viongozi wa vijiji, msigawe viwanja pale. Kumbukeni Mapendo na soko la N'Dolo.

Ukiona ndege ikipita chini sana bila sauti, waite watoto watoke barabarani na uwanjani. Ikishatua ao kuanguka, tazama saa na kumbuka upande ilikokwenda, kwa sababu msitu unasahaulisha. Tuma watu na mapanga, maji na blanketi. Usikaribie elisi mpaka isimame kabisa. Usivute sigara, usibebe mwenge: kerozini imemwagika. Majeruhi anayelia mgongo ao shingo, usimvute, isipokuwa moto unamfuata. Mngojee mwuguzi, ao mbebeni watu wanne, akiwa amenyooka juu ya ubao. Na vitu vyao viacheni. Mtu anayepora karibu na anayekufa, kijiji kizima kitabeba jina lake.

SIKU YA KUSEMA HAPANA

Kuna jambo gumu limebaki, nalo linahitaji moyo. Umefika uwanjani na mizigo yako. Unaona watu wawili wanakaa juu ya magunia katikati, bila kiti, bila mkaba. Magunia hayakufungwa kamba; ndege ikigonga yatawarukia mgongoni. Hakuna aliyepima kitu. Nyumbani wanakungoja, na ndege nyingine huenda itakuja wiki ijayo. Utafanya nini?

Uliza kwa upole, mbele ya watu: "Papa piloti, mizigo imepimwa? Kila mtu ana mkaba?" Piloti wa kweli hatakasirika. Mara nyingi atafurahi, kwa sababu naye anasukumwa na wafanyabiashara ao wakubwa wake, na sauti ya abiria inamsaidia kukataa. Na siku piloti mwenyewe anapokuambia, "Mfuko huu unabaki," usimtafutie mkubwa wa kumlazimisha. Mwambie asante, hata kama inakuuma.

Lakini ukijibiwa, "Panda ao baki, tunachelewa," basi baki. Ndiyo, hata kama tikiti imelipwa. Watakucheka jioni hiyo utakaporudi nyumbani na mifuko yako. Ndege ile pengine itafika salama, nao watakucheka zaidi. Wacha wacheke. Moteri haitangazi siku yake ya kuzima. Siku itakapozima, piloti atakuwa na mwendo wake, urefu wake, na uzito mliompa ninyi. Viwili vya kwanza atavitafuta mwenyewe. Cha tatu mnakiamua ninyi, pale chini, mbele ya balansi.